Baba Ameshanawa

Kiprono,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita mpenzi, na mke wako akisoma haya sitaki anione sina adabu, kwa hivyo nitakuita Kiprono na yaishe. Namba yako ya zamani haipatikani. Ile mpya dada yako Chebet alikataa kunipa, na alifanya vizuri. Ndiyo maana naandika barua hii kwa kalamu, ichapishwe mahali ambapo kila mtu anasoma, labda mmoja wao anakujua na atakuonyesha. Nyinyi wengine wote, samahani, hii ni ya Kiprono, lakini kaeni tu.

Wacha nianze na lile kopo. Nje ya geti ya shamba la maua kule Naivasha kulikuwa na kibanda cha chai, na mama wa kibanda alikuwa ameweka mtungi wa maji juu ya kiti kilichovunjika mgongo, na kopo la mafuta ya kupikia la kuchotea. Wewe ulikuwa fundi wa pampu. Mimi nilikuwa napanga waridi kwa urefu, kutwa nzima nimesimama. Siku ya kwanza ulinikuta nikijaribu kunawa mkono mmoja huku nimeshika kopo kwa mkono mwingine, ukacheka. "Lete nikunawishe, utajimwagia viatu." Ukamimina polepole, ukaangalia vidole vyangu vilivyokwaruzwa na miiba, ukaniuliza, "Hii ni mikono ama ulipigana na paka?" Nikakwambia hayakuhusu. Kesho yake nilifika mapema, nikasimama kando ya mtungi na mikono mikavu, nikangoja.

Nilikuwa na maringo, nakubali. Lakini kwa miaka miwili sikujinawisha mwenyewe pale kibandani hata siku moja.

Ulikuwa unaniambia habari za kwenu Salgaa, malori yanavyopiga breki mchana kutwa mpaka ng'ombe hawashtuki tena, na mama yako anavyotengeneza mursik. Ulisema nikinywa kibuyu kimoja cha yale maziwa nitaanza kuongea lugha yenu bila kufundishwa. Mimi nilikuambia kidogo tu kuhusu kwetu Longonot. Kwamba mama alifariki. Kwamba baba ni karani wa reli mstaafu, mtu wa maneno machache, mwenye vidole viwili vilivyopinda ambavyo alisema vilibanwa na mlango wa behewa. Sikukwambia habari za kunawa. Kwani ningekwambia nini? Kila nyumba ina mambo yake. Kwetu, baba hakuwa akinawishwa.

Ilikuwa hivi tangu nikiwa mdogo. Wageni wakija, au sisi tukienda kwa watu, kabla msichana hajatokea na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, baba alikuwa ameshatoka nje akanawa kwa bomba, maji baridi, peke yake. Msichana akifika mbele yake, mama alikuwa anasema haraka, kwa tabasamu, "Baba ameshanawa." Msichana anapita, anaenda kwa mwingine. Mama alipofariki, hakuna aliyeniambia sasa ni kazi yangu, niliichukua tu. Harusini, matangani, kanisani, nilikuwa nakaa karibu naye na macho kwa mlango wa jikoni. Jagi likitokea, mimi huyo. Baba ameshanawa. Mara nyingine alikuwa hajanawa, na nilidanganya vilevile.

Sasa ile siku ya ruracio, mlipokuja kwetu kuleta mahari.

Mlichelewa. Gari la mjomba wako lilipata pancha njiani, na sisi wasichana tulikuwa tumeshafunikwa. Tulikuwa watano chumbani, tumekaa kitandani kwa mstari, leso kutoka kichwani mpaka magotini, miguu tu ndiyo iko nje. Wewe ungeingia unichague kati ya hao, na ukikosea wanawake wangekucheka mpaka uzeeni. Unakumbuka tulikuwa tumepanga kuiba mtihani? Nitingishe kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nilikuwa nimekipaka rangi nyekundu jioni ya kabla yake ili usiwe na kisingizio.

Lakini kwa kuwa mlikuwa mmechelewa, wazee wakaamua mle kwanza. Shangazi akatuambia hakuna kufunuliwa, bibi harusi haonekani kabla ya kuchaguliwa. Nikiwa chini ya leso nikasikia beseni likigonga ukuta wa koridoni na jagi likipita. Nani atasema? Mama hayuko. Mimi niko hapa nimefunikwa. Nikainuka, na shangazi akanisukuma begani akanirudisha. "Tulia, wewe! Unakimbilia wapi, kwani bwana anatoroka?" Wasichana wakacheka. Na mimi, Kiprono, nikakaa. Ningeweza kupiga kelele tu kutoka pale kitandani, Baba ameshanawa, ningechekwa na ingeishia hapo. Niliona haya.

Kisha nikasikia sauti ya dada yako Chebet, nzuri sana, yenye adabu. "Leteni hiyo jagi. Leo mimi ndiye nitamnawisha baba." Wazee wakapiga makofi, ikaonekana ni heshima kubwa, msichana wa wageni kumnawisha mwenye boma. Akasema, "Karibu unawe, Baba."

Yaliyofuata wewe uliyaona na mimi nilisimuliwa. Kwamba baba alinyoosha mikono, maji yakamgusa, akalipiga jagi likaruka mpaka mapajani pa mjomba wako. Kwamba Chebet alipiga yowe, kiti kikaanguka, baba akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono ameificha kwapani, halafu akatoka kwa mlango wa nyuma bila kusema pole. Na mjomba wako, huku amelowa, akauliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "Maji yakitoka kwa mkono wetu yana nini?"

Hapa kwetu Rift Valley huhitaji kufafanuliwa swali hilo. Watu wa kabila letu na wa kabila lenu walikuwa wamechomeana nyumba wakati wa uchaguzi, na hapo sebuleni kila mtu alikuwa na mtu wake wa kukumbuka. Amu yangu angesema samahani mngekaa. Badala yake alisema, "Kama mlikuja kukagua mzee wetu ananawa aje, mngebaki kwenu." Basi ikawa imeisha.

Mimi bado nilikuwa chini ya leso. Nilisikia magari yakiwashwa, na nilikuwa bado natingisha kidole. Aki Kiprono, mpaka leo sijui nilikuwa namtingishia nani.

Jumatatu ulinipigia simu. Nimeirudia hiyo simu kichwani mpaka imechanika. Uliuliza kwa upole, "Mzee ana shida gani na sisi?" Nikasema, "Hana shida. Ni vile tu yuko." Ukasema, "Vile tu yuko? Wanjiru, amempiga dada yangu." Nikasema, "Achana na baba yangu." Nikasikia pampu ikinguruma nyuma yako. Halafu ukasema, "Sawa." Hilo sawa lako limenikaa miaka kumi na mmoja.

Ungeniuliza mara ya pili ningelia, na labda tungesaidiana. Lakini wewe pia una kiburi, usinifanye niseme uongo kwa barua.

Niliacha kazi ya maua kwa sababu ya kile kibanda. Nilinunua mashine ya kufuma, nikaanza kufuma masweta ya shule hapa nyumbani Longonot, na nikabaki na baba. Nilimpikia, nikamfulia, nikamchukia. Nalisema waziwazi kwa sababu najua kuna binti mwingine anasoma haya na amefunga mdomo. Nilimchukia huku nikiendelea kusema Baba ameshanawa kila tulipoalikwa, kisha nikaacha kwenda tulikoalikwa. Harusi hasa. Leso zikitandazwa tu, mimi natafuta mlango. Nikipanda gari kwenda Nakuru, nilishuka Nakuru. Mbele ya hapo, upande wa Salgaa, sikwenda tena.

Mwaka juzi baba alipata kidonda cha mguu, ile sukari. Nikampeleka hospitali Nakuru. Nesi mmoja, msichana mzuri tu, akaja na beseni akamwambia, "Nikuoshe, mzee, maji si moto." Kabla sijageuka, baba alikuwa chini ya kitanda. Mtu wa miaka sabini na kitu, ametambaa na kidonda chake mpaka ukutani. Na mimi, unajua nilisema nini? Nilimwambia nesi, "Baba ameshanawa." Ilitoka yenyewe. Nesi akaniangalia akaona ni sisi wawili tunaohitaji kitanda.

Daktari aliyekuwa zamu hakumvuta. Alikaa sakafuni na koti lake jeupe, akauliza, "Mzee, uko wapi saa hii?" Baba akajibu kutoka chini ya kitanda, "Chini kwa cell. Wameleta maji." Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia baba yangu amewahi kuwa ndani.

Tukaelekezwa kwa mwanasaikolojia, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, Madam Nekesa. Mara mbili za kwanza baba alizungumza habari za ng'ombe. Mara ya tatu akasema, akiangalia mlango, mimi nikiwa hapo hapo. Kwamba enzi zile za serikali kukamata watu kwa siasa, kuna karatasi ya kuipinga ilikutwa kwenye droo yake kazini. Anaapa hakuwa hata ameisoma. Alichukuliwa akawekwa gizani, amesimama kwenye maji baridi yaliyofika kwenye vifundo, siku asizojua ni ngapi. Hayo aliyavumilia. Kipigo pia alikivumilia. Kilichomvunja, alisema, ni adabu.

Kabla ya kila kuhojiwa aliletewa askari mmoja mpole, ana taulo begani, ana beseni na jagi la maji ya vuguvugu. Askari huyo alimmiminia maji mikononi taratibu, akampangusa, akamwambia, "Karibu unawe, Baba. Meza iko tayari." Kisha alipelekwa mezani, na mezani ndipo walipomharibu vile vidole. Hapakuwa na mlango wa behewa. Baada ya siku chache, alisema, hakungoja kufika mezani. Alikuwa analia maji yakianza kumiminwa.

Karibu unawe, Baba. Chebet alisema hayo hayo, neno kwa neno. Angejuaje, maskini? Ndivyo wasichana wote wanavyosema.

Madam Nekesa alinieleza jambo ambalo nataka mjomba wako alisikie. Alisema mwili hujifunza bila kuuliza ruhusa. Kitu kinachokuja kabla ya maumivu, kila mara, mwisho chenyewe kinakuwa maumivu, na mtu anaweza kuachiliwa, akaoa, akazaa, akastaafu, lakini mkono wake bado unajua kinachofuata maji ya vuguvugu. Baba hakuona mkono wa Chebet ni wa nani. Hakumwona Chebet kabisa. Akasema pia kwamba watu wale hawakuchagua kunawisha kwa bahati. Walichukua heshima ya nyumbani wakaitumia kule, ili mtu akirudi nyumbani asikute heshima ya kupumzikia. Nilifikiria jinsi baba alivyokula miaka yote, haraka, ameinama, mgongo kwa ukuta.

Halafu Madam akauliza, "Na ni nani amekuwa akimsaidia asinawishwe?"

Nikajibu kwa fahari, kama mjinga. "Ni mimi. Na mama kabla yangu."

"Mlimpenda sana," akasema. "Lakini kila mlipomwondolea jagi, mwili wake ulisema, afadhali, nimeponea. Haukupata nafasi hata moja ya kuona kwamba jagi la nyumbani halina meza nyuma yake. Hofu yake mmeilisha kwa kijiko."

Nilikasirika, we! Nilitoka nikasimama kwa korido nikasema moyoni hana haya, hajui nilichopoteza. Nilirudi kwa sababu mkoba wangu ulibaki ndani.

Dawa yake ilikuwa ngazi. Karatasi ya daftari, na vituo, kutoka kinachotisha kidogo mpaka kinachotisha kabisa. Jagi tupu mezani. Jagi lenye maji baridi. Baba ajimiminie mwenyewe. Mimi nisimame na taulo. Mimi nimmiminie baridi, kisha vuguvugu, kisha vuguvugu pamoja na yale maneno. Kwa kila kituo kanuni ni moja, usiondoke hofu ikiwa juu, kaa mpaka ishuke yenyewe. Alipoambiwa ataje hofu yake ni ngapi juu ya kumi, baba alisema, "Mimi si kipimajoto." Basi Madam akampa punje kumi za mahindi na kisosi. Hofu ikipanda unaweka punje, ikishuka unatoa.

Siku ya kwanza niliweka jagi tupu mezani, asubuhi, jua linaingia. Akaweka punje nane. Jagi tupu, Kiprono! La plastiki, la kijani, nililonunua sokoni mimi mwenyewe. Tulikaa saa nzima. Jasho lilimtoka, akanitukana kwa Kikikuyu matusi ambayo sikujua anayajua, chai ikapoa. Nilitaka kulichukua hilo jagi nilitupe nje, mikono iliniwasha. Hapo ndipo nilielewa ni nini nilikuwa nafanya miaka yote. Nilikuwa namwondolea yeye ili mimi nisimwone akitetemeka. Mwisho akatoa punje moja, nyingine, nyingine. Zikabaki tatu, akaomba chai ya moto.

Tuliendelea hivyo miezi, na nisikudanganye kwamba ilipanda vizuri. Siku moja aliweka punje mbili tu kwa maji baridi na mimi nikaona tumefika. Bila kumuuliza nikaleta ya vuguvugu, taulo begani, na nikasema yale maneno. Alijifungia stoo na hakuniongelesha siku nne. Tuliporudi Nakuru Madam Nekesa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unamharakishia nani?" Nililia pale mpaka nikaaibika. Nilikuwa najiharakishia mimi. Ndani yangu kuna mjinga aliyefikiri ngazi ikiisha, magari yenu yatarudi kwa geti kinyumenyume na mtashuka tena na nguo zile zile.

Tulirudi vituo viwili chini, tukaanza tena, safari hii kila kitu kikiombwa ruhusa kwanza. Mwezi wa sita nilimmiminia maji ya vuguvugu, nikasema Karibu unawe, Baba, na alikaa. Aliweka punje sita na akatoa tano. Ile moja akaiacha kwa kisosi akasema hiyo ni ya uzee.

Nilidhani ndio mwisho. Lakini aliomba karatasi yake, akachukua kalamu, na kwa ule mwandiko wake wa karani akaongeza kituo juu kabisa: Binti wa Salgaa.

Mama wa kibanda cha chai, nilipompigia simu, ndiye aliyenieleza Chebet ana hoteli pale malori yanapopaki. Tulienda Jumatano, mchana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu ile siku kupita Nakuru kwenda upande huo, na nilishika kiti cha mbele njia nzima. Chebet amenenepa, ana eproni ya maua, anaamuru wasichana wake kwa sauti. Hakututambua. Msichana mmoja akaleta jagi na beseni mezani kwetu, na baba akasema, "Samahani, naomba yule mwenye hoteli aninawishe." Chebet akaja akicheka. "Mzee wewe ni wa maana! Haya, lete mikono. Karibu unawe, Baba."

Akamimina. Maji yaliruka kutoka mikononi mwa baba mpaka kwa meza. Mimi niliuma ulimi, kwa sababu ile sentensi yangu ilikuwa imeshafika mdomoni. Baba akaanza kujisemesha alivyofundishwa, kwa sauti. "Niko Salgaa. Leo ni Jumatano. Huyu ni mtoto wa watu." Chebet akaviangalia vile vidole viwili, akamwangalia usoni, akaniangalia mimi. Jagi likabaki hewani.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Mimina, mama, usiwache."

Akamimina mpaka jagi likaisha, na machozi yake yakawa yanaingia humo humo kwa beseni. Kisha baba akamweleza, kwa maneno yasiyofika kumi na tano. Chebet akachukua taulo akampangusa kidole kimoja kimoja, vile vilivyopinda kwa muda mrefu zaidi. Akatuletea chakula na kibuyu cha mursik, akakaa nasi mezani mpaka tukamaliza. Kwa habari yako tu, nilikunywa yote na bado siongei lugha yenu.

Tukiwa tunaondoka alinivuta kando. Akaniambia una mke mzuri, na watoto wawili, na kwamba uko mbali, unachimba visima. Nilisema nimefurahi na uso wangu ukafanya kazi yake. Kisha akaniambia uliwahi kumwambia, "Wanjiru angeniambia neno moja tu la kuelewa, ningerudi." Nilikuwa sina hilo neno, Kiprono. Lilikuwa limefungwa kwa baba, na ufunguo mimi nilikuwa nauficha bila kujua.

Sasa unalo. Mwambie mama yako. Mwambie mjomba wako kwamba maji yenu hayakuwa na kitu. Na usiniletee huruma, wala usirudi, una watu wako.

Baba siku hizi humwezi. Amealikwa kila mahali na anaenda kila mahali, anakaa mbele, ananyoosha mikono hata kabla jagi halijatoka jikoni. Juzi kwa matanga ya jirani alinawishwa mara mbili. Watu wanasema mzee amerudia ujana. Mimi husimama kwa mlango na mdomo umefunguka nusu, nina sentensi moja na hakuna anayeihitaji. Nilidhani nitafurahi. Nafurahi, kweli, lakini tukirudi nyumbani naona sina kazi, na nikikaa kwa mashine ya kufuma najisikia mpweke kuliko siku zile tulizokuwa tunaogopa pamoja. Upande wako nilishazoea kukosa mtu. Kukosa kazi ya kumlinda mtu, hilo sikuwa nimelizoea.

Mara ya mwisho Madam Nekesa aliponiona aliniuliza, "Na wewe Wanjiru, unakwepa nini?" Nikataja. Harusi. Leso. Kibanda. Jina lako. Akanipa karatasi tupu na hakusema zaidi. Nilipoandika Kiprono hapo juu leo asubuhi, kisosi kilikuwa kando yangu na punje zilikuwa tisa.

Nimefika hapa na baba ananiita tule.

Nimerudi. Nakuandikia yaliyotokea sasa hivi kisha nifunge. Nilikaa mezani, na baba akatoka jikoni akitembea na mguu wake mbaya, taulo begani, beseni mkono mmoja na lile jagi la kijani mkono mwingine. Akasimama mbele yangu. "Nawa tule."

Nikasema, "Nimeshanawa, Baba."

Sikuwa nimenawa. Nilikuwa na wino kwa vidole. Nilisikia ile sentensi ikitoka kwangu kwa tabasamu, haraka, vile mama alikuwa anaisema, na nikakumbuka kwamba tangu wewe na kopo lako hakuna mtu amenimiminia maji. Kila aliyekuja nilimpitisha.

Baba hakupita. "Hujanawa," akasema. "Mimi nakaa hapa mpaka ishuke."

Akasimama na mguu wake unaouma, maji yakiwa yanatoa mvuke kidogo. Nikanyoosha mikono.

Ubaki salama na wako wote. Ukipita Longonot na familia, usiogope kusimama, kuna mzee atawanawisha.

Mimi,
yule wa mguu wa kushoto.